Dakika Tano za Mzee Arvo

Kesi ya mzee Arvo Kettunen ilisikilizwa jikoni kwake mwezi wa Januari, mbele ya mkewe Aili, ambaye alikuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Alikuwa na tone la rangi ya njano kwenye nyusi, na tone hilo lilimharibia utetezi kabla hajafungua kinywa.

Shtaka lilikuwa hili. Asubuhi ya siku hiyo Aili alikuwa na miadi kwenye kliniki ya macho. Walimtia dawa ya kupanua mboni, dawa ambayo humfanya mtu asiweze kuendesha gari wala kumtambua mjomba wake. Arvo alikuwa amwendee saa nne kamili. Alipoona bado ana nusu saa mkononi, akashuka kwenye chumba chake cha chini ya nyumba kugundisha bawa la ndege yake ndogo ya plastiki. Dakika tano tu. Alipoinua kichwa ilikuwa saa sita na dakika arobaini, na nje ya dirisha baridi ilikuwa imefika ishirini na sita chini ya sifuri, kama kawaida ya mji wa Thunder Bay unapotaka kumkomoa mtu.

"Nilikuwa nangoja gundi ishike," alisema Arvo.

"Gundi gani inashika kwa saa mbili na dakika arobaini? Ulikuwa unajenga daraja?"

"Bawa, mke wangu."

"Bawa la nini?"

"La ndege."

"Ndege yenyewe inaruka?"

Arvo aliitafakari hatari iliyomo kwenye swali hilo. "Hairuki."

"Basi ingekungoja. Mimi nilikaa pale na miwani myeusi kama kipofu anayeomba sadaka. Wagonjwa wote wamekuja, wameondoka, mimi nipo. Unajua msichana wa mapokezi alinifanya nini? Alinipa stika ya nyota, Arvo. Zile wanazopewa watoto wasiolia wakichomwa sindano."

Akaitoa mfukoni, akaibandika mezani. Nyota ya dhahabu, yenye maneno ya kumsifu mgonjwa kwa ushujaa. Mbele ya ushahidi wa namna ile hata jambazi sugu angekiri.

Hukumu ilisomwa papo hapo. Helmi, dada mkubwa wa Aili, alikuwa ameuza nyumba yake kule Kenora na alikuwa anatafuta pa kuishi. Chumba cha chini kilikuwa na dirisha, kilikuwa na joto, kilikuwa na bafu kando yake. Kilichokosa, kwa maneno ya hakimu, ni binadamu mwenye akili. Helmi angekuja kukitazama Jumamosi ya tatu ya Februari. Mpaka siku hiyo, Arvo angeruhusiwa kukaa mezani kwake saa moja tu kwa mkao mmoja, si dakika zaidi. Akipitiliza hata mara moja, au akimsahau mtu yeyote mahali popote, chumba ni cha Helmi na meza inahamia gereji.

Arvo aliiona gereji kwa macho ya moyo. Huko, mwezi wa pili, rangi huganda ndani ya kichupa na gundi huwa jiwe. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye meza ile, tangu kiwanda cha karatasi kilipomstaafisha. Kuhamia gereji kulikuwa ni kuzikwa, tofauti ikiwa ni kwamba marehemu angetakiwa kufukua theluji mlangoni.

Aili alichukua kalamu nene, akaandika kwenye karatasi 2:40, akaibana kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Kisha akatoa kwenye droo saa ya jikoni yenye umbo la kuku, ile ya kuzungushwa shingo, ambayo hukoroma kwa dakika sitini halafu hupiga kengele ya kufufua wafu.

"Huyu ndiye mkuu wako wa bweni," alisema.

*

Jumanne iliyofuata, chama cha wajenzi wa modeli, yaani ndege na meli ndogo za kuunganishwa kwa gundi, kilikutana kwenye ukumbi wa maveterani, kama kinavyofanya kila mwezi. Arvo aliwaeleza wenzake mkasa wake, kisha akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa katika historia ya chama.

"Nyie wenzangu, kwa mkao mmoja, huwa mnakaa muda gani?"

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akajikuta ana haja ya kusafisha miwani.

"Mimi saa moja," alisema hatimaye Desmond, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye meli ya kivita iliyomla miaka minne. "Moja na nusu, nikijiachia."

Ingrid aliangua kicheko. Alikuwa daktari wa meno maisha yake yote, na sasa alichonga injini ndogo kwa vifaa vilevile alivyowatesea watu. "Desmond, miaka thelathini nimewauliza watu wanapiga mswaki mara ngapi kwa siku. Uongo wa kwenye kiti naujua kwa harufu. Hebu tupe hesabu kamili."

"Saa moja ya kujenga!" alijitetea Desmond. "Muda wa kutafuta kipande kilichoruka siuhesabu, huo ni ajali. Muda wa rangi kukauka siuhesabu, maana hapo ni rangi inayofanya kazi, si mimi. Na ule wa kukaa tu ukiitazama, huo ni mapumziko."

"Na ukijumlisha?"

Mwalimu wa hesabu alihesabu kwa vidole, akaviangalia, akavirudisha mfukoni. "Sita."

Hapo ndipo mlango wa toba ulipofunguka. Ingrid alikiri kwamba siku moja alikaa baada ya chai ya asubuhi, akadhani taa imeungua, akainuka kubadilisha balbu, kumbe ni jua lililokuwa limezama. Lorne Petroski, anayeendesha gari la manispaa la kusukuma theluji, alisema yeye hana shida ya muda hata kidogo, kwa sababu Mungu alimjalia kibofu kidogo.

"Lakini mzee mwenzangu, nikwambie kitu," aliendelea Lorne, akimwegemea Arvo. "Huyo kuku atakuharibia kazi. Mtu akikimbizwa, kuna kitu kimoja anakisahau. Na hutakijua ni kipi mpaka mwisho."

"Wahenga walishasema kuhusu haraka," alikubali Arvo kwa huzuni. "Lakini wahenga hawakuwa na kuku."

*

Maisha chini ya utawala wa kuku yalikuwa magumu. Saa moja, ambayo kwa mtu anayengoja kliniki ni umri, kwenye meza ya Arvo ilikuwa kupiga chafya. Dakika kumi zilikwisha akitafuta miwani, na mara tano kati ya saba ilikuwa kichwani kwake. Dakika kumi na tano zilikwenda kwenye kusoma karatasi ya maelekezo, kuipinga, na kuisoma tena. Akikata kipande kimoja kwenye fremu ya plastiki, akakipiga msasa, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga, kuku anapiga kengele. Arvo anainuka kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya kuzima taa wakati ndiyo kwanza kafungua barua ya mpenzi.

Siku ya tano alijaribu hila. Kuku alipobakiza dakika kumi, Arvo alimshika shingo taratibu na kumrudisha nyuma hadi ishirini. Kuku akalia *krrrrk*. Alisahau kwamba mabomba ya hewa ya moto yanapita ukutani kutoka chumbani kwake hadi jikoni, na hubeba sauti kuliko simu.

"Arvo!" ilishuka sauti kutoka kwenye tundu la hewa. "Mwache kuku wa watu!"

"Nilikuwa namfuta vumbi!"

"Mfute vumbi akienda mbele!"

Modeli yenyewe ilikuwa ndege ya kuzimia moto wa misituni, ya njano, tumbo pana kama mashua, zile zinazoteka maji ziwani huku zinakimbia. Alipanga kuipeleka kwenye maonyesho ya chama mwezi wa tatu. Siku aliyokuwa aunganishe nusu mbili za mwili wa ndege, alitenga kila kitu mezani kwa mpangilio wa daktari wa upasuaji: gundi, vibanio vya nguo, na kisahani chenye chubwi sita, vile vizito vya kuzamishia ndoana. Akapaka gundi upande mmoja. Akapaka wa pili. Kuku akapiga kengele. Arvo aliruka, akazigandanisha nusu mbili haraka haraka, akazibana, akakisukuma kisahani nyuma ya makopo ya rangi, akapanda ngazi mbili mbili kwenda kujisalimisha.

"Dakika hamsini na tisa," alisema Aili, akionyesha mshangao wa mtu aliyekuta mbwa wake anajua kusoma. "Unaweza kumbe."

Arvo alijiona shujaa. Karibu aombe stika.

*

Jumamosi ya hukumu ikafika bila doa. Wiki tano nzima Arvo hakupitiliza. Basi la Helmi lilikuwa liwasili saa saba na dakika kumi, pale kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, na Aili ndiye aliyekuwa aende kumpokea, kwa sababu kumtuma Arvo kungekuwa ni kumjaribu Mungu. Saa sita na nusu alivaa koti lake kubwa la manyoya, akavaa kiatu cha kulia, akakumbuka kwamba saa ya mumewe inakaribia kwisha na kuku alikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Akashuka hivyo hivyo, koti juu, kiatu kimoja mguuni, kumwambia afunge duka.

Alimkuta mumewe kapiga magoti juu ya zulia, tochi mdomoni, mkononi bomba la mashine ya kufyonzea vumbi, na mdomo wa bomba umefungwa kitambaa laini cheusi.

"Arvo. Hiyo si soksi yangu ndefu ya kanisani?"

Arvo alitoa tochi mdomoni. "Inazuia kipande kisiingie kwenye mashine. Antena ya redio imeruka kwenye kibano. Ndogo, kama kucha ya mtoto mchanga. Nimelipekua zulia lote, mke wangu. Zulia limeila."

Kila mjenzi wa modeli ana zulia la namna hiyo, na hakuna aliyewahi kulishinda. Aili alimtazama mumewe kuanzia kisogoni hadi soksi, akanyoosha mkono, akaichomoa antena kwenye ndevu zake.

"Ishike basi," alisema. "Na ufunge, mimi nakwenda kumchukua Helmi. Hii ni ya wapi?"

"Inakaa hapa, nyuma ya dirisha la rubani."

Aili alikuwa ameshageuka kuondoka. Akageuka tena. "Haikai hapo."

"Picha ya kwenye boksi inaonyesha hapo."

"Picha ilipigwa na nani? Mimi nimekaa chumba cha redio pale kambi ya zimamoto ziwani misimu ishirini na miwili, Arvo. Ndege hizi nilikuwa nazipigia, zinaniitikia. Kila asubuhi nilikuwa naziona zikipita dirishani kwangu. Antena iko mbele zaidi. Lete hapa."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, tako moja, kama mgeni asiyekusudia kunywa chai. Alikuwa aonyeshe tu. Lakini antena ilihitaji kushikwa huku gundi ya supaglu inashika, na alipokuwa ameishika akaona mstari mwekundu wa ubavuni umepinda. Akaomba brashi.

"Namba nne ilikuwa na kiraka hapa," alisema. "Rubani wake alikuwa akiimba redioni. Sauti mbaya, wewe! Nilikuwa namwambia, Bwana Namba Nne, msitu unateketea, nyamaza. Anasema anaimba ili moto ukimbie."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Nipe njano. Si hiyo, hiyo ni ya ndizi. Ile iliyokolea."

Mfukoni mwa aproni, chini ya koti, kuku alipiga kengele. Aili alimpiga kofi juu ya nguo, bila kuangalia, kama anayeua mbu. Arvo aliona kwa pembe ya jicho, na kama angekuwa mwanamume mwenye busara angesema neno. Lakini alikuwa ameshika gurudumu la kushoto kwa kibano, na mtu aliyeshika gurudumu kwa kibano hana masikio wala shemeji.

Walijenga. Walibishana kuhusu rangi ya kofia ya rubani. Walicheka mara mbili. Aili alifungua kifungo kimoja cha koti.

*

Kilichowaamsha ni mwanga wa rangi ya chungwa, uliozunguka kwenye dari ya chumba kupitia kidirisha, na mtikisiko wa gari kubwa lililosimama mbele ya nyumba. Aili aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Uso wake ulifanya kile ambacho theluji hufanya juu ya bati la nyumba kabla haijaporomoka.

Juu, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Walipopanda walimkuta Helmi amesimama sebuleni, mwanamke mrefu wa miaka sabini na nne, mkongojo mkono mmoja kwa ajili ya nyonga yake, theluji mabegani. Nyuma yake alisimama Lorne Petroski na sanduku, akijitahidi kuonekana kama pazia.

"Nimeletwa na gari la kusukuma theluji," alisema Helmi, taratibu. "Miaka yangu yote hii. Nimekaa mbele, juu, watu wananipungia mikono kama gwaride. Kabla ya hapo nimekunywa kahawa nne kwenye kituo cha mafuta. Nimepiga simu mara kumi na moja. Kijana wa kaunta akaja kuniuliza kwa upole, bibi, una mtu yeyote? Nikamwambia nina dada. Akanipa keki ya bure. Sasa naomba kujua. Nani alikuwa anakuja kunichukua?"

Kutoka kwenye mkoba wa Aili uliokuwa kwenye kigoda karibu na mlango, simu ilitoa mlio mmoja hafifu, kama mtu anayekata roho.

Aili alifungua kinywa. Ndipo Arvo, ambaye wiki tano alikuwa ameishi kwa kengele, ambaye kwa mara ya kwanza tangu Januari hakuwa na kosa lolote duniani, alipiga hatua mbele.

"Mimi, shemeji," alisema. "Nilikuwa mezani kwangu. Nilisema dakika tano. Nikakusahau."

Alijua anachokisema. Aliiona gereji, mlango wake unaovuja upepo, vichupa vya rangi vimeganda rafuni kama vijiwe. Aliiona meza yake ikipandishwa ngazi, miguu juu. Lakini alimwona pia Aili kwenye kiti cha kliniki na stika ya nyota mkononi, na akaona ni heri mtu mmoja abebe mizigo miwili kuliko kila mtu na wake.

Helmi alikuwa anamwangalia mdogo wake, kuanzia juu kwenda chini.

"Na wewe, mwenye koti. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilikuwa... natoka," alisema Aili.

"Na kiatu kimoja?"

"Kingine kiko njiani."

"Unatoka tangu saa ngapi? Jasho hilo ni la nini? Na hiyo njano puani?" Helmi alisogea. "Inua mkono wa kulia."

Aili aliinua. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimegandana, vimekaa duara, kama mtu anayeionjesha dunia chumvi.

Lorne alitazama dari kwa heshima. "Supaglu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Maji ya vuguvugu na sabuni. Usivute."

"Arvo Kettunen," alisema Helmi, "wewe ni mwongo."

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe Aili, mwizi akiiba kwa ajili yako unanyamaza?"

"Nilikuwa nataka kusema, dada! Kanitangulia! Nisamehe. Niliketi tu kumwonyesha antena. Dakika tano. Sikujua..." Aili alishindwa kumaliza, kwa sababu sentensi ile alikuwa ameisikia mahali, na alikumbuka ni jikoni kwake.

Helmi alikokota mkongojo wake hadi kwenye friji, akaisoma karatasi. "Na hii 2:40 ni muda wa kuoka nini?"

Walimweleza. Walimweleza kliniki, stika, kuku, gereji na chumba. Lorne alishika sanduku muda wote, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia aliweke chini. Walipomaliza, Helmi alikaa kwenye kiti, akacheka mpaka akashika nyonga.

"Basi sikilizeni. Kuna fleti nimeonyeshwa, mitaa minne kutoka hapa, ina lifti. Nilikuwa nasitasita kwa sababu dada yangu alinibembeleza niishi naye. Sisiti tena. Niishi na nyinyi wawili? Nikiteleza bafuni Februari, mtanikuta Aprili. Chumba bakini nacho. Mnakistahili."

Hivyo ndivyo Arvo alivyookoa meza yake: si kwa utii wa wiki tano, wala kwa uongo wake wa kishujaa, bali kwa dhambi ya hakimu. Sheria ina njia zake.

Aili alichukua kalamu nene kwa mkono wa kushoto. Chini ya 2:40 aliandika 2:45, na mbele yake, kwa herufi zilizopinda, jina lake mwenyewe.

"Umenishinda kwa dakika tano," alisema Arvo.

"Nyamaza."

*

Helmi hakuwa mtu wa kungoja kulishwa na nyumba ya namna ile. Aliweka sufuria ya viazi jikoni kwa ajili ya supu ya samaki, akadai saa, akapewa kuku, akamzungusha shingo dakika ishirini, akamtia mfukoni. "Sasa nionyesheni," alisema. "Nataka nikione hicho kilicho kitamu kuliko mimi."

Wakashuka wote, Lorne naye. Aliacha gari lake likinguruma nje na taa zinazunguka, na nusu ya mtaa haijasukumwa theluji. Kibofu chake, alieleza, hakikuwa na neno kwa sasa.

Arvo alimalizia gurudumu la mwisho. Akaipuliza ndege. Akaiweka mezani kwa vidole viwili, taratibu, akarudi nyuma hatua moja ili wageni waone.

Ndege ya njano ilisimama juu ya magurudumu yake matatu kwa muda wa pumzi moja. Kisha pua ikainuka, mkia ukashuka, ikakaa.

"Mbona inakaa kama mbwa anayeomba mfupa?" aliuliza Helmi.

Lorne alivua kofia, kama mtu aliyepita kwenye msiba. "Mzee mwenzangu," alinong'ona. "Uzito wa puani."

Arvo aliusogeza mkono wake nyuma ya makopo ya rangi, akakivuta kisahani. Chubwi sita zilikuwa zimekaa pale, zinang'aa, zimeungoja mwaliko tangu siku ile kuku alipopiga kengele. Ndege yenye gurudumu puani lazima itiwe vizito kichwani kabla ya kufungwa, la sivyo matako yake yanaishinda. Kila mtoto wa chama anajua hilo.

"Ni kuku," alisema Arvo.

"Ni mimi niliyekuletea kuku," alisema Aili. Akaichukua ndege, akaigeuza tumbo juu. "Hapa penye gurudumu la mbele pana tundu. Zinaweza kupita moja moja, tukitia gundi kila moja."

"Kwa mikono gani? Wangu unatetemeka, wako umegandana, na wa Lorne ni koleo."

Wote watatu walimtazama Helmi, aliyekuwa ameshona magauni ya maharusi wa Kenora kwa miaka arobaini.

"Hapana," alisema Helmi. "Viazi viko motoni." Akaitazama ndege. "Chubwi ngapi?"

"Sita tu. Dakika tano."

Alivuta kiti. Alikaa tako moja. Akapewa kibano, akakishika kama amezaliwa nacho, na chubwi ya kwanza ikaingia bila kugusa ukingo. Ndege ilihitaji kubanwa pua ichungulie chini gundi ikishika, na kila walichokitafuta kilikuwa chepesi mno au kikubwa mno, mpaka Helmi alipotoa kuku mfukoni na kumkalisha juu ya pua. Alitosha kama aliyepimwa. Akakaa pale anakoroma taratibu, kwa mara ya kwanza akiwa na kazi ya maana katika chumba kile.

Chubwi ya pili. Ya tatu. "Sogeza taa," alisema Helmi. Taa ikasogezwa. "Msinipumulie." Wakaacha kupumua. Aligundua kwamba akikaa na matako yote mawili mkono hutulia zaidi, akakaa na yote mawili.

Alipokuwa na ya tano kwenye ncha ya kibano, kuku alipiga kengele ya kufufua wafu. Arvo alimtazama Aili. Aili alimtazama Lorne. Helmi, bila kuinua macho, alimpiga kofi kuku kama anayeua mbu.

Muda ulipita, kiasi gani hakuna anayeweza kuapa. Harufu ilishuka kwanza, kupitia kwenye mabomba ya hewa. Halafu moshi mwembamba ukajitokeza kwenye tundu, ukatanda juu ya meza, ukazipita mbawa za njano kama vile umetumwa kuifanyisha mazoezi ndege ya kuzimia moto. Huko jikoni king'ora cha moshi kikaanza kulia.

"Dada," alisema Aili. "Viazi."

"Naam," alisema Helmi, chubwi ya sita ikining'inia juu ya tundu, ulimi pembeni ya mdomo. "Dakika moja tu."